Mabaki ya gari ni ya mwenye gari, si ya gereji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba kununua gari lililoharibika ili kutoa injini na kuipandikiza kwenye gari lingine ni hasara tupu. Hoja yake ni kwamba umelipia gari zima, umetumia robo yake, na robo tatu zinabaki uani zikiota kutu. Mimi nasema pesa iko kwenye hizo robo tatu. Kama yeye hazikumrudishia kitu, ajiulize zilikuwa wapi wiki zile gari lilipolala gereji.

Mimi ni mtunza hesabu. Nimeandika vitabu vya kampuni za utalii hapa Arusha tangu ujana wangu, na mume wangu ni dereva wa watalii. Tulikuwa na Land Rover 110 aliyoachiwa na baba yake. Chesisi nzima, bodi nzima, lakini injini ya dizeli isiyo na tabo, nguvu zake hazifiki farasi 70. Ukiwa na wageni sita na mizigo yao, ile kona ya kupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu unaipanda kwa aibu, malori yanakupigia honi nyuma.

Tukatafuta injini. Muuza spea mmoja mjini alitutajia shilingi 4,800,000 kwa 300Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover yenye tabo, mtumba pamoja na gia boksi, ikiwa imelala sakafuni, hujui kama inawaka. Wakati huohuo tukasikia kuna Discovery iliyopinduka upande wa Makuyuni. Paa limebonyea na vioo vya pembeni vimekwisha, ila injini inawaka na unaisikiliza mwenyewe. Bei 5,400,000. Kwa nini Discovery? Kwa sababu kati ya 1994 na 1998 Land Rover waliweka injini hiyohiyo ya lita 2.5, yenye farasi 111, kwenye Discovery na kwenye Defender, jina ambalo 110 zilipewa baadaye. Huhitaji kubuni mambo mengi ili ikae.

Kununua gari zima kwa sababu ya injini ni wazo alilokuja nalo mume wangu kutoka safarini. Alikuwa na mgeni, mzee kutoka Uingereza, na njia nzima mpaka Serengeti mazungumzo yao yalikuwa magari tu. Kwao kuna watu wanaojijengea magari nyumbani. Unanunua fremu na bodi kutoka kiwanda kidogo, halafu unatafuta gari kuukuu la kuchinja, unatoa injini, gia boksi, difu (ule mhimili wenye gia unaozungusha magurudumu) na usukani. Mtindo huo ni wa siku nyingi. Lotus waliuza gari lao la Seven namna hiyo kuanzia 1957, kwa sababu gari lililouzwa vipande vipande lilikwepa kodi ya mauzo ya wakati ule. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunganisha, basi wao wakampa maelekezo ya kufumua, asome kuanzia mwisho. Ujanja wa kodi haukuanzia Kariakoo.

Huyo mzee alichinja Mazda MX-5. Akauza viti, milango, kioo cha mbele, na lile paa gumu la kubandika ambalo kwao linatafutwa sana. Ganda lililobaki likaenda kwa mnunuzi wa vyuma. Alimwambia mume wangu kwamba mauzo yale yalirudisha karibu bei yote aliyonunulia hiyo Mazda, na kwamba wanaoshindwa ni wale wanaoharakisha kusafisha uwanja. Mume wangu aliponisimulia nilimuuliza swali moja tu: aliandika? Akasema ndiyo, mzee alikuwa na daftari. Nikakubali.

Sasa nije gereji.

Tulipeleka magari yote mawili kwa fundi, eneo la Unga Limited. Jina la gereji sitalitaja. Fundi mkuu alikuwa mchangamfu kweli. Akasema, “Mama, kazi ya kuchinja hii Discovery nitakufanyia bure, ninyi chukueni injini yenu na gia boksi, haya mengine niachieni nisafishe.” Bure! Mtunza hesabu akisikia neno hilo anatafuta kalamu. Nilimuuliza mengine ni yapi. Akasema ni vyuma tu. Nikaanza kumtajia: difu mbili, rimu tano, viti, mlango wa nyuma wenye kioo kizima, taa, springi, rejista ya kichwa changu ikaendelea mpaka akacheka. “Mama unajua magari!” Sijui magari, najua kuhesabu vitu.

Tulikataa. Lakini injini yetu ya zamani ilikuwa imeshashushwa kutoka kwenye 110 na kuwekwa pembeni. Tuliporudi kuichukua, haikuwa na alternata wala stata. Kuuliza, vijana wanatazamana. Mmoja akasema labda vilichukuliwa kwa bahati mbaya na mteja mwingine. Stata haichukuliwi kwa bahati mbaya, Mhariri, ina bolti. Aliyenunua injini ile baadaye alitukata shilingi 180,000 kwa upungufu huo.

Hapo ndipo ninapomwambia msomaji wako kwamba gari lake halikuota kutu uani. Hapa kwetu kuna desturi ambayo haijaandikwa popote, kwamba kinachofunguliwa na fundi ni cha fundi. Ukibadilisha shokapu, za zamani hazirudi kwako. Ukibadilisha rejeta, huioni tena. Kwa gari la kawaida hasara yake ni ndogo na watu hawagombani. Ila ukipeleka gari zima la kuchinja na desturi ileile mkononi, umempa mtu mali ya mamilioni na bado utamlipa ufundi.

Tulivuta Discovery mpaka nyumbani Sakina, tukamlipa fundi mwingine 200,000 kuifungua mbele ya macho yetu. Kabla hajashika spana tuliandikiana karatasi: kila kitu kinabaki hapa, hata bolti, na malipo yake ni haya. Alisaini bila neno. Baadaye aliniambia kwamba angependa wateja wote waandike hivyo, kwa sababu kuna wanaomlipa elfu ishirini wakijua atajilipa kwa vyuma, halafu wanamwita mwizi. Nimelifikiria sana hilo. Mafundi wengi wanaishi kwa mabaki kwa kuwa sisi wenye magari tumeamua kutolipa kazi yao. Ukitaka mabaki yako, lipa ufundi kamili.

Mnunuzi wa skrepa alifika siku ya pili yake, sijui nani alimwita. Akazunguka lile gari mara moja, akatoa ofa ya 800,000 kwa kila kilichobaki, kwa macho, bila mizani. Mume wangu alitaka kukubali. Uani pamejaa, kuku wamehamia kwenye kiti cha nyuma na mmoja keshataga humo, jirani anauliza kama tumefungua gereji. Nikamwomba anipe muda.

Difu ya mbele ilikwenda kwa mwenye Range Rover ya zamani huko Usa River, kwa sababu zile Range Rover za mwanzo na Discovery ya kwanza zinashirikiana difu. Alitoa 700,000 na akaondoka akishukuru. Difu ya nyuma hatukuihitaji, ile ya 110 ni nene na ngumu zaidi, kwa wageni na mizigo hatukutaka kuibadilisha. Nilidhani itakaa. Kumbe watengeneza mikokoteni na trela wanazisaka, na mmoja wa Ngaramtoni akalipa 450,000. Huyohuyo alichukua rimu tano na matairi yake kwa 600,000. Kuhusu matairi nilimwonyesha ubavuni zile tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, ajue ni ya zamani na si ya kwenda nayo Dodoma kwa kasi. Akasema punda wake hawafiki huko.

Mlango wa nyuma na kioo chake ulinunuliwa na mtu wa Moshi kwa 250,000. Alikuwa na Discovery iliyogongwa nyuma na alikuwa ameutafuta kwa miezi. Viti 350,000, baada ya kuwahamisha kuku na kuviosha kwa sabuni. Springi, taa, nyaya na saa za dashibodi vilileta 420,000 kwa pamoja, na hivi viliuzwa kwa picha za simu kwenye kundi la wenye Land Rover. Tulichojifunza upesi ni kwamba kitu kilichosuguliwa kwa brashi na dizeli na kupigwa picha juu ya gunia safi kinaulizwa bei. Chenye matope kinaulizwa kilo. Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha naona watu wengi wameziamsha Land Rover kuukuu za 109 na 110 zilizokuwa zimelala chini ya miembe, na hao ndio wateja.

Transifa, lile boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina kisa chake. Ile ya Discovery imetengenezwa kwa ajili ya lami, uwiano wake ni 1.22, wakati Defender yenye injini hiyohiyo ilipewa 1.41; namba ikiwa kubwa gari linavuta zaidi lakini mwendo unapungua. Tofauti inaonekana ndogo karatasini, lakini kwenye gari zito lenye wageni, mlimani, kwenye vumbi, utaijua. Ukiweka ya 1.22 dereva atapanda kwa gia ya kwanza na kuchosha klachi. Mume wangu alimpata mtu wa Mererani aliyekuwa na Defender anayoiendesha zaidi barabara ya Babati na Singida, akilalamika injini inapiga kelele kwenye lami. Wakabadilishana, sisi tukaongeza 100,000. Kila mmoja aliondoka akiamini amemshinda mwenzake, na wote wawili walikuwa sahihi.

Yakabaki mabati. Hapa wengi wanaibiwa mchana kweupe. Land Rover ya kwanza, ya 1948, ilivikwa alumini kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na kampuni ikaendelea na alumini kwa miaka mingi. Discovery yetu nayo, paa lake ni chuma lakini bati nyingi za nje ni alumini. Yule mnunuzi wa skrepa alitaka kuweka vyote kwenye mzani mmoja kwa bei ya chuma. Mwanangu alileta sumaku ya spika iliyokufa. Inaposhika ni chuma, isiposhika weka upande ule. Tulipata kilo 46 za alumini kwa 3,200 kila kilo na kilo 390 za chuma kwa 600 kila kilo. Piga hesabu mwenyewe uone kilo zile 46 zimelipa nini.

Kwa hiyo daftari linasema hivi. Gari, kulivuta na kulifungua: 5,950,000. Mauzo ya mabaki: 3,151,200. Rudisha kwenye gharama ile 100,000 ya transifa, kisha toa 700,000 tuliyopata kwa injini na gia boksi yetu ya zamani, tayari zikiwa zimekatwa zile za alternata na stata. Injini nzuri iliyosikilizwa ikiwaka, gia boksi, rejeta na pampu ya usukani vimetusimamia kwa 2,198,800. Linganisha na ile 4,800,000 ya sakafuni.

Sitaki kumdanganya mtu. Hesabu hii haina kodi ya uwanja, kwa sababu uwanja ni wetu. Anayepanga vyumba viwili Kijenge au Majengo hana pa kuweka difu kwa miezi, na akikodi eneo faida yote italiwa na kodi. Haina pia malipo ya jioni zangu kwenye simu, nikijibu watu wanaouliza bei ya mwisho kabla hawajauliza bei ya kwanza. Dalali angefanya kazi hiyo kwa asilimia kumi, na kwa mtu mwenye shughuli nyingi ningemshauri amtafute. Milango minne haijauzwa hadi leo.

Vipo tulivyokataa kuuza, na hapa nilibishana na mume wangu. Mikanda ya viti ilitoka kwenye gari lililopinduka na watu ndani. Mkanda ulioshika uzito wa mtu katika ajali nyuzi zake zimeshavutika, haufai tena. Tuliikata kwa kisu. Mipira ya breki nayo hivyohivyo. Kuna mtu aliitaka akasema ni juu yake. Si juu yake peke yake, ni juu ya abiria wake pia.

Suala la karatasi ndilo lililonifanya niandike. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Tulipohamisha injini tulilazimika kuwataarifu TRA, mamlaka ya mapato, ili kadi ya 110 isome injini mpya, na kadi ya Discovery tukairudisha ili gari lifutwe. Kipande cha chesisi chenye namba tulikikata kabla ya kuuza chuma. Kuna mtu alikuja usiku akitaka kununua kadi na kile kipande tu, kwa bei nono. Hakutaka hata kuona difu. Kila mtu anajua kadi safi na namba safi vinakwenda kuvaa gari la nani. Huko Uingereza, mzee yule alisema, anayejijengea gari na kushindwa kuonyesha asili ya vipande vyake hupewa namba inayoanza na herufi Q, na thamani ya gari inashuka papo hapo. Kwa hiyo wanatunza risiti za kila bolti. Sisi hatuna Q, tuna askari barabarani.

Yule wa Ngaramtoni alisimamishwa akiwa na difu yetu juu ya toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Akaambiwa athibitishe si ya wizi. Bahati nzuri tulikuwa tumeandikiana: jina la muuzaji na mnunuzi, namba ya gari ilikotoka, kitu gani, bei, tarehe, na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Aliachiwa. Lakini siku nyingine mnunuzi wetu wa taa alisimamishwa na karatasi ileile, akaambiwa haitambuliki, arudi na risiti ya duka. Risiti ya duka kwa taa iliyotoka uani kwangu! Alinipigia akitaka nirudishe hela, na sikumlaumu.

Ombi langu kwa Jeshi la Polisi mkoani Arusha na kwa uongozi wa Jiji ni kwamba watuambie ni karatasi gani itakayokubalika kila kituo. Kama ni hii ya mtaa, basi iwe na sura moja na kila ofisi ya mtaa iwe nayo. Kama ni nyingine, itajwe. Kijana anayenunua stata halali kwa risiti ya mkono asitendewe sawa na aliyeing'oa kwenye gari la mtu usiku. Hivi ilivyo sasa, anayepata shida ni yule anayesafiri mchana na karatasi, kwa sababu mwizi hapiti kizuizini.

Na kwa gereji, naomba kila moja ibandike ukutani, palipo na bei ya kumwaga oili, mstari mmoja unaosema mabaki ni ya nani. Wakiandika ni ya gereji, sawa, mteja ataamua kabla hajaacha funguo. Mimi ningeacha zangu kwa anayeandika ni ya mteja, na ningemlipa zaidi.

Msomaji aliyelalamika, kama bado ana lile gari lake, asiliuze kwa macho. Aanze na sumaku.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Sakina, Arusha.
(Jina na namba ya simu nimewaachia ofisini.)